Kushusha injini ya DX nyumbani

Mwenye Toyota Corolla DX hapa Nairobi hufika mahali pa kuamua. Injini inakula oili, fundi amesema lazima ishushwe, na gari lenyewe hataki kuliuza kwa sababu linampeleka kila anakokwenda na spea zake bado zinapatikana Kirinyaga Road. Ninamwandikia mtu huyo. Ukiwa na uwanja wa saruji, msaidizi mmoja asiye na papara na wikendi chache za subira, unaweza kuishusha injini hiyo nyumbani kwako, tena vizuri kuliko inavyoshushwa na fundi mwenye magari matano yanayomngoja.

Nasema hivyo kwa sababu ya gari lenyewe. Corolla KE70, ndiyo hiyo DX, ilitoka mwaka wa 1979, na injini yake ya 4K, yenye cc 1290, ni ya ukoo ulioanza na Corolla ya kwanza kabisa mwaka wa 1966. Imekaa kwa urefu wa gari, gia boksi iko nyuma yake, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Haina kompyuta. Ina kabureta, distribyuta, pampu ya petroli inayoendeshwa na kamshafti, na waya chache unazoweza kuzifuata kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukifungua boneti unaiona ardhi pembeni ya bloku. Kuna nafasi ya mkono na spana. Gari la baadaye kama Corolla 110 ni kazi nyingine. Injini yake imewekwa kingamo, imeshikana na gia boksi, shafti za magurudumu ya mbele lazima zichomolewe, na mfumo wake wa petroli hubaki na presha hata gari likiwa limezimwa. Mengi nitakayosema yatakufaa huko pia, ila usianzie huko.

Jambo ninalolishikilia kuliko yote ni hili: kutoa injini ni rahisi. Mtu mwenye nguvu na spana anaweza kuitoa kabla ya saa sita mchana. Kazi iko siku ya kuirudisha, wiki kadhaa baadaye, wakati bolti zote zinafanana na hakuna anayekumbuka waya huu ulikuwa unaelekea wapi. Kwa hiyo kila unachofungua, kifungue ukimfikiria atakayekifunga. Ukishaingia katika fikra hiyo, utajikuta unakwenda polepole pale ambapo wengi hukimbia.

Je, ni lazima itoke?

Nimeona injini zikishushwa kwa kasoro ambazo zingetengenezwa zikiwa ndani. Gaskiti ya hedi hubadilishwa injini ikiwa mahali pake. Klachi ya DX hubadilishwa kwa kuteremsha gia boksi peke yake, na sili ya nyuma ya krankishafti hufikiwa kwa njia hiyo hiyo. Kinacholazimisha injini itoke ni kazi ya bloku: silinda zimelika, krankishafti inagonga, au bloku ina ufa.

Moshi ndio wa kwanza kukwambia. Moshi wa buluu unaotoka ukiwasha asubuhi kisha ukapotea, mara nyingi ni sili za valvu, na hizo hazihitaji kushusha chochote. Moshi wa buluu unaozidi kila ukikanyaga mafuta, kwa mfano ukipanda kuelekea Limuru, ni ringi za pistoni. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto, pamoja na maji yanayopungua bila kuvuja popote, ni gaskiti ya hedi au ufa.

Kisha pima kompresheni. Pasha injini moto, toa plagi zote nne, chomoa waya wa koili ili kusiwe na cheche, halafu msaidizi akanyage mafuta hadi mwisho huku akipiga stata. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Nambari iliyo kwenye kitabu cha gari huchukulia hewa ya karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, na presha ya hewa hapa ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Injini nzima kabisa itasoma chini ya kitabu kwa kiasi kama hicho. Inaniuma kuona mtu ameuziwa ringi kwa sababu tu geji haikufika nambari iliyochapishwa. Linganisha silinda kwa silinda. Zote nne zikikaribiana na gari halina moshi, liache liendelee na kazi. Moja ikianguka mbali na nyingine, mwaga kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena: ikipanda, ringi au silinda zimekwisha, isipopanda, tatizo liko juu, kwenye valvu au gaskiti, na huenda ni hedi peke yake inayohitaji kufunguliwa.

Uwanja, mvua na jiko

Udongo haufai. Kabro inafaa ikiwa imeshindiliwa vizuri, saruji ndiyo bora. Gari likae mahali tambarare, na nyuma yake pawe na nafasi ya kulisukuma zaidi ya urefu wa boneti, maana nafasi hiyo utaihitaji. Kama umepanga, zungumza mapema na mwenye nyumba au keateka na umwonyeshe turubai utakalotandika. Oili ikishaingia kwenye kabro haitoki, na gari lisilo na injini haliondoki likiambiwa liondoke.

Angalia msimu pia. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, si wakati wa kuacha bloku wazi chini ya turubai. Silinda ikipata maji usiku, asubuhi utakuta kutu ya rangi ya chai juu ya chuma kilichokuwa kinang'aa. Mimi hupendelea Januari na Februari, au ile baridi kavu ya kuanzia Juni.

Petroli inanitia hofu kuliko uzito. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hujaa kwenye mitaro, na unaweza kufika kwenye moto ulio mita kadhaa kutoka ulipo. Katika ploti yetu kuna mama anayewasha jiko la makaa barazani kila alasiri, na upepo huelekea kwake. Nilimwendea asubuhi kabla sijafungua kitu.

"Mama, habari ya asubuhi. Leo natoa petroli kwenye gari. Nakuomba jiko likae upande wa nyuma mpaka jioni."

"Hakuna shida, baba. Na watoto je?"

Aliuliza swali la maana. Watoto wa ploti huvutwa na cheni na kitu kinachoning'inia, na mtu wa kuwaweka mbali lazima apangwe. Mtu huyo asiwe yule anayevuta cheni. Siku ya kunyanyua, kazi yake iwe hiyo tu.

Kuhusu kuosha vyuma, tumia mafuta ya taa mahali penye hewa, mbali na moto. Petroli ya kuoshea kwenye beseni imeunguza watu wengi, na sioni sababu ya kuitumia.

Gari likiinuliwa, liwekwe juu ya stendi za chuma. Najua mawe ya Ndarugo yako kila mahali na yanaonekana imara, na ukutani ni imara kweli. Lakini jiwe la kujengea likibanwa sehemu moja ndogo hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Usilale chini ya gari lililobebwa na jiwe, wala na jeki peke yake.

Kitakachobeba uzito

Injini ya 4K ikiwa na flaiwili, klachi na manifoldi zake inapita uzito wa gunia la mahindi la kilo 90, na tofauti na gunia, haina pa kuikumbatia. Wanaume wanne na ubao mabegani wanaweza kuitoa, nimeona ikifanyika. Pia nimeona kidole kikibanwa kati ya bloku na chasisi kwa sababu mmoja wao aliteleza. Usikubali njia hiyo hata kama marafiki wako tayari.

Paa la nyumba nalo tuliache. Mbao zake zilipigiwa hesabu ya mabati na upepo. Tawi la mparachichi ni baya zaidi, kwa kuwa mti huo huvunjika bila kutoa sauti ya onyo.

Kreni ya injini ni nzuri ukiipata ya kukodi, lakini soma maandishi kwenye mkono wake. Kreni inayoitwa ya tani mbili hubeba tani mbili mkono ukiwa umeingizwa ndani. Ukiuvuta hadi mwisho, uwezo hushuka hadi karibu robo. Kwa 4K hiyo bado inatosha. Shida yake kubwa huku kwetu ni magurudumu madogo ambayo hukwama kwenye viungo vya kabro, na injini inayoning'inia ikikwama ghafla huyumba. Tandika plaiwudi nene njia nzima.

Mimi natumia miguu mitatu ya mabomba ya chuma iliyochomelewa na fundi wa jua kali, pamoja na cheni bloku ya tani moja ya kukodi. Urefu wake usiubahatishe. Ukingo wa mbele wa gari unahitaji karibu sentimita 80 ili sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, ipite juu yake. Injini yenyewe ina karibu sentimita 65. Mnyororo wa kuifungia hula 40 nyingine, na cheni bloku hata ikivutwa hadi mwisho bado inachukua 40 hivi. Jumla inapita mita 2.2, na bado hujaweka nafasi ya kukosea. Miguu iwe na angalau mita 2.5 ikiwa imesimama na kutanuka, si ikiwa imelala chini. Kisha funga nyayo zake tatu kwa mnyororo unaozizunguka, kwa sababu uzito ukija juu, miguu hutaka kwenda nje, na juu ya saruji laini hakuna cha kuizuia. Chini ya kila unyayo weka kipande cha ubao mpana.

Injini ina masikio ya chuma ya kunyanyulia. Yakiwa yamepotea, ambalo ni jambo la kawaida kwa gari lililopitia mikono mingi, funga mnyororo kwenye matundu ya bolti yaliyo kwenye hedi, moja mbele na moja nyuma upande wa pili, kwa bolti zilizoandikwa 8.8 kichwani na zilizoingia meno ya kutosha. Bolti isiyo na alama usiiamini. Usifunge kwenye manifoldi wala kwenye mfuniko wa valvu. Kamba ya katani au ya nailoni, hata nene vipi, iache ifunge mizigo ya sokoni.

Kufungua

Osha injini siku mbili kabla, ikauke. Uchafu mweusi wa miaka huficha bolti, na bolti iliyofichwa ndiyo itakayokusumbua saa kumi jioni. Ukishaosha, tafuta nambari ya injini iliyogongwa kwenye bloku, uisugue na kuipiga picha. Ilinganishe na iliyo kwenye logibuku sasa hivi, kabla ya lolote.

Siku hiyo hiyo nyunyizia dawa ya kutu kwenye nati za bomba la eksozi chini ya manifoldi. Rudia jioni na asubuhi. Nati hizo zimepikwa na joto kwa miongo, na ukizikamata kavu stadi, ile bolti isiyo na kichwa, itakatika ndani ya manifoldi, kisha utatafuta mtu wa kuitoboa na kuitoa. Zikiwa zimelowa, tumia soketi ya pembe sita iliyokaa sawasawa, vuta taratibu, legeza kidogo, rudisha kidogo, legeza tena. Utasikia mlio mfupi mkavu nati inapoachia. Hapo unaweza kupumua.

Spana za Toyota hazina mambo mengi: 10, 12, 14 na 17 zitafanya karibu kazi yote. Ongeza ekstensheni ndefu mbili na kiungo cha kupinda.

Sasa kuhusu kumbukumbu, na hapa naomba usikilize kwa makini. Piga picha kwa simu, nyingi, kutoka mbali na kutoka karibu, lakini usizitegemee peke yake. Picha ya waya mweusi kwenye kivuli cheusi haikusaidii. Kila waya na kila paipu ufungie mkanda wa karatasi uandike kwa kalamu ya wino mzito, pande zote mbili: kwenye waya na mahali ulipotoka. Bolti ziende kwenye trei ya mayai. Trei ya 30 ina vyumba vya kutosha, na unaandika pembeni ya kila chumba: stata, alteneta, feni, mauntingi ya kushoto. Bolti zinazoshikilia kitu kimoja lakini zina urefu tofauti, kama zile za gia boksi, zina njia yao. Chukua kipande cha katoni, chora umbo la gia boksi ukiitazama kutoka mbele, toboa tundu pale kila bolti ilipokaa, na uichomeke humo. Bolti ndefu ikiingizwa pa fupi inaweza kugota ndani kabla ya kubana, au kupasua alumini. Katoni ile huzuia hasara hiyo.

Boneti huondolewa na watu wawili. Kabla ya kulegeza, chora mstari kuzunguka bawaba ili irudi sawasawa, kisha ilaze juu ya godoro kuukuu. Betri itoke kabisa, waya wa negativu ukitangulia. Mwaga maji ya rejeta na oili kwenye madebe. 4K ina takriban lita 3.5 za oili. Toa rejeta, na ikiwa nje ipelekwe ikasafishwe na inunuliwe kifuniko kipya. Hapa Nairobi maji huchemka kwa karibu nyuzi 94, kwa hiyo kifuniko kinachoshika presha ndicho kinachokuokoa kwenye foleni ya Jogoo Road. Wengi wanaendesha na kifuniko kilichokufa huku wakilaumu thermostati.

Paipu za petroli zizibwe kwa bolti ya saizi yake mara tu zinapotoka, ile ya kwenda na ile ya kurudi. Waya za plagi zipe nambari; mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Toa mfuniko wa distribyuta usije ukavunjika dhidi ya ukuta wa nyuma. Chomoa kebo ya mafuta, na ile ya klachi au silinda yake, kulingana na gari lako. Usilisahau lile waya nene la ethi linalounga injini na bodi. Ni kitu kidogo, mara nyingi limeoza, na asiyelirudisha hupata maajabu: stata ikipigwa, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi na kupitia kebo ya mafuta, kebo ikapata moto hadi ikanata. Mimi huweka jipya kila injini inapotoka.

Ukiwa chini ya gari, bomba la eksozi likishaachia, toa stata, kisha kile kibati cha vumbi cha flaiwili. Bolti mbili za juu za gia boksi hazifikiki kutoka juu. Egemeza gia boksi kwa jeki yenye kipande cha ubao, legeza kidogo daraja lake la nyuma ishuke, na uzifikie kutoka chini kwa ekstensheni ndefu ukipita juu ya gia boksi. Fanya hivyo kwa subira, soketi ikikaa kamili kila mara.

Ukitumia miguu mitatu, kuna jambo la kupanga hapa. Miguu haisogei; gari ndilo litakalosukumwa nyuma. Jeki iliyo sakafuni haiwezi kusafiri na gari, kwa hiyo gia boksi ining'inizwe kutoka juu: bomba la chuma likingame kutoka ukingo mmoja wa nafasi ya injini hadi mwingine, mnyororo uzunguke shingo ya gia boksi, kisha jeki na stendi ziondolewe. Sasa magurudumu yote yanagusa ardhi na gari liko huru kusogea.

Kaza cheni bloku mpaka mnyororo usimame wima bila kulegea, ndipo utoe nati za mauntingi mbili zinazoshikilia injini. Nyanyua sentimita chache na usimame. Tazama miguu, tazama mafundo, sikiliza. Kisha vuta injini mbele kwa mstari ulionyooka. Ikikataa kuachana na gia boksi, kuna bolti iliyobaki. Iko kila mara, imefichwa na uchafu. Usichomeke bisibisi kati ya bloku na gia boksi kupanua. Rudi kwenye katoni yako na uhesabu matundu yasiyo na bolti.

Mpaka shafti ya gia boksi itoke kabisa ndani ya klachi, usiinue wala kuteremsha injini. Uzito wote ukikaa juu ya shafti ile, sahani ya klachi hupinda, na hutajua hadi siku ya kuwasha gari litakapotetemeka kila unapoachia pedali. Ikishatoka, inua pua ya injini juu kidogo kuliko mkia, nyanyua sampu ipite ukingo wa mbele, mwambie msaidizi asukume gari nyuma, na uishushe mara moja. Injini haina haja ya kuning'inia ili watu waitazame. Mkono wa mtu usipite chini yake hata mara moja.

Ikishatua

Itue juu ya tairi kuukuu, sio sakafuni. Sampu ya bati hubonyea, na ikibonyea inaweza kuziba mdomo wa pampu ya oili. Tumbua macho nyuma ya bloku sasa hivi. Kuna wota plagi za bati pale ambazo gia boksi huzificha, na moja ikioza baada ya injini kurudi, utaishusha upya kwa ajili ya kibati cha bei ndogo sana. Badilisha zote. Badilisha sili ya nyuma, bearingi ndogo iliyo kwenye mkia wa krankishafti, bearingi ya klachi, na mauntingi za mpira ikiwa zimepasuka. Siku ya kurudisha klachi, sahani lazima ipangwe katikati kabisa kwa shafti kuukuu ya gia boksi au kijiti kilichochongwa kwa vipimo vyake; ukikadiria kwa jicho, injini na gia boksi zitakataa kukutana na mtashinda mkisukumana nazo.

Oili chafu iweke kwenye jerikeni na uipeleke karakana inayokusanyia. Mtaro wa mtaa wako hukimbilia Mto Nairobi au mmoja wa vijito vyake, nao unaingia Mto Athi, ambako kuna watu wanaomwagilia mboga tunazokula.

Kama umeamua kuweka bloku nyingine badala ya kutengeneza hii, dai risiti yenye nambari ya injini unayonunua. Nambari ikibadilika, logibuku nayo lazima ibadilishwe kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na gari likaguliwe. Watu huliahirisha hilo hadi siku ya kuuza gari, na siku hiyo huwa wamechelewa.

Na kama unatengeneza ile ile, usinunue pistoni kwanza. Wauzaji watakuuliza saizi na wewe huna saizi. Silinda inaweza kuwa imeshapanuliwa zamani na mtu usiyemjua. Peleka bloku na krankishafti kwa mwenye mashini, apime kila silinda juu, katikati na chini, akuandikie kwenye karatasi kama ipanuliwe kwa milimita 0.50 au inahitaji kwenda 1.00. Ukiwa na karatasi hiyo nenda kanunue pistoni, kisha mpelekee pistoni zenyewe, naye atapanua kila silinda kwa kipimo cha pistoni itakayoingia humo.